Mji Mzima Jukwaani

Ndugu msomaji, sisi tunaojaza kaunta buku usiku wakati wenzetu wamelala tumezoea kuamini kwamba kuandika ni kubuni. Mtunzi anatunga. Anavuta kitu kutoka kichwani, anakivika nguo, anakipa jina la Juma au Mwajuma, basi. Akibanwa na mtu aliyejiona humo ndani, anajitetea: bwana we, hiyo ni hadithi tu. Mimi niko sura ya nane ya riwaya yangu na kinga hiyo nimekwisha kuitumia mara mbili, moja kwa shangazi yangu mwenyewe.

Sasa kuna tamthilia moja imenikaba tangu mwaka jana. Nakala yake niliipata kwa muuza vitabu vya mitumba, imechanika jalada, na nimeisoma na Kamusi ya TUKI pembeni mpaka kamusi nayo ikaanza kuachia kurasa. Inaitwa The Laramie Project. Walioiandika hawakukaa chini kubuni wahusika. Walikwenda kwenye mji, wakauliza, wakasikiliza, wakarudi na maneno ya watu, na maneno yaleyale wakayapandisha jukwaani. Nataka kueleza kwa nini jambo hilo linanisumbua mimi niliye mbali na mji huo, na kwa nini nadhani litakusumbua na wewe unayeshika kalamu.

Kwanza kisa chenyewe. Laramie ni mji mdogo wa jimbo la Wyoming, Marekani, juu kwenye uwanda wa upepo, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Miaka ya 1990 ulikuwa na watu kama 27,000. Kuna reli, kuna wafuga ng'ombe, na kuna Chuo Kikuu cha Wyoming. Matthew Shepard alikuwa mwanafunzi wa chuo hicho, umri miaka 21, kijana mfupi na mwembamba. Usiku wa Oktoba 6, 1998 alikuwa baa. Vijana wawili wa rika lake, wakazi wa mji huohuo, wakaondoka naye kwenye gari. Wakampeleka nje ya mji, wakamfunga kwenye uzio wa miti, wakampiga kwa bastola kichwani, wakachukua pochi na viatu vyake, wakamwacha kwenye baridi. Alikaa pale kama saa 18. Aliyemkuta ni mwanafunzi mwingine aliyepita kwa baiskeli, na mwanzo alidhani anaona sanamu la kutishia ndege. Matthew alifariki Oktoba 12 katika hospitali ya Fort Collins, jimbo jirani la Colorado, bila kurudiwa na fahamu.

Alikuwa shoga. Neno hilo nitalirudia baadaye, maana ndilo lililonitoa jasho kuliko mengine yote.

Magari ya televisheni yakafurika Laramie. Mji ambao watu wengi hawakuwahi kuusikia ukawa jina la uhalifu. Wiki kama nne baada ya tukio, Novemba 1998, likafika kundi jingine la wageni: wasanii wa Tectonic Theater Project kutoka New York, wakiongozwa na Moisés Kaufman, mzaliwa wa Caracas, Venezuela. Hawakuja kutafuta habari ya saa mbili usiku. Walikwenda na kurudi kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, wakafanya mahojiano zaidi ya 200. Februari 2000 mchezo ukafunguliwa Denver, Mei ukahamia New York, na kabla mwaka haujaisha wakauchezea Laramie kwenyewe, mbele ya watu ambao maneno ni yao. Mwaka 2002 ikatoka filamu.

Jukwaani wako waigizaji wanane tu, na wanacheza watu zaidi ya 60. Meza chache, viti vichache. Mwigizaji anavaa kofia, amekuwa mfugaji. Anaivua, amekuwa daktari. Mara nyingine anacheza mwenyewe, yaani mwigizaji wa New York aliyeogopa kuingia mji wa watu. Msimulizi anatangaza nani anasema, kisha huyo anasema. Hawajifichi kwamba wanaigiza. Kaufman aliwahi kueleza kwamba alijifunza kwa Bertolt Brecht, Mjerumani aliyesema mfano mzuri wa maigizo ni shahidi wa ajali barabarani anayewaonyesha waliochelewa ilivyotokea.

Hapo nikacheka peke yangu. Kwani nani hajamwona huyo shahidi? Daladala ikigonga baiskeli, baada ya dakika mbili yupo mshikaji katikati ya watu, anageuka dereva, anageuka konda, anageuka mama mwenye beseni la nyanya. Hajifanyi kuwa ndiye dereva; anakuonyesha dereva alivyokuwa. Kumbe sanaa ile tunaikanyaga kila siku pale kituoni, ila hatuiiti sanaa.

Basi watu wa Laramie walisema nini? Hapa ndipo utamu na uchungu wa kitabu ulipo, kwa sababu hawakusema kitu kimoja.

Wengi walisema huku kwetu hatuingiliani, kila mtu na maisha yake. Linasikika neno la amani. Lakini mkazi mmoja, naye shoga, akalifungua mbele ya rekoda: maana yake hasa ni kwamba nikijificha vizuri hutanipiga. Ukishasoma hapo, ule usemi mtamu hauwezi tena kuupita bila kuugeuza uangalie chini yake.

Wengine walisema sisi si watu wa namna hiyo. Akatokea mwanamke kijana, Mwislamu, mzaliwa wa Bangladesh aliyelelewa Laramie tangu mdogo, anayevaa hijabu na anayejua kukodolewa macho dukani. Yeye akasema hapana, waliofanya ni watoto wa hapa, kwa hiyo sisi ndivyo tulivyo, tukubali tulibebe. Kuna mwingine aliyelalamika kwamba askari wa barabara kuu alikufa kipindi hichohicho na hakuna aliyemtangaza, sasa kwa nini huyu? Kuna mhubiri wa Kibaptisti aliyesema anatumaini kijana yule alipokuwa amefungwa pale alipata nafasi ya kutafakari aina ya maisha yake. Na kuna padri wa Kikatoliki aliyeandaa ibada ya mishumaa bila kungoja ruhusa ya askofu, ambaye aliwaambia wasanii kwamba kila jina la matusi anayotupiwa mtu wa namna hiyo ni mbegu ya kipigo. Akawaagiza pia wayaseme maneno ya watu sawasawa.

Yuko polisi wa kike aliyefika wa kwanza pale kwenye uzio. Alimkuta kijana uso umejaa damu isipokuwa njia mbili safi ambapo machozi yalipita. Glavu zake hazikufaa, mikono yake ilikuwa na michubuko ya kazi za nyumbani, akamhudumia hivyo hivyo. Baadaye akaambiwa Matthew alikuwa na virusi vya UKIMWI. Alimeza dawa kali, akasubiri na familia yake, mpaka vipimo vikaonyesha hakuambukizwa. Yuko na daktari wa zamu ambaye usiku mmoja alikuwa na wagonjwa wawili vyumba vya karibu: Matthew, na mmoja wa wale vijana wawili, aliyeumia kichwa katika ugomvi mwingine. Aliwahudumia wote kabla hajajua nani kamfanya nini nani. Mwandishi wa riwaya angebuni jambo hilo, mhariri angelikata, angesema umezidisha.

Na yuko mwanafunzi wa sanaa za maonyesho, miaka 19. Wazazi wake hawakuwahi kukosa shindano lake hata moja, mpaka alipochagua kipande cha Angels in America cha Tony Kushner, mchezo wenye wahusika mashoga. Hapo wakasema hawaji. Akauliza swali la kitoto ambalo ni la kikubwa: nikicheza muuaji mnakuja, nikicheza huyu hamji? Hata hivyo mwanzo wa tamthilia yeye mwenyewe anasema mambo makali kuhusu mashoga, mambo aliyokuzwa nayo. Mwisho wa tamthilia hiyohiyo anashangaa kwamba kinywa chake kiliwahi kuyatamka.

Mji wenyewe ulianza maigizo kabla wasanii hawajamaliza kuandika. Kundi la mhubiri mmoja kutoka Kansas lilikuja na mabango kwamba Matthew yuko motoni; walikwenda nayo hata kwenye mazishi. Ilipofika kesi, Aprili 1999, rafiki wa marehemu na wenzake walishona mabawa makubwa kwa shuka nyeupe na mabomba ya plastiki, wakayavaa, wakasimama kimya mbele ya mahakama wameyapa mabango mgongo. Mabawa yakafunika matusi. Hawakutamka kitu. Nimelisoma tukio hilo mara nyingi kuliko ukurasa wowote.

Mmoja wa wale vijana alikiri kosa, mwingine akatiwa hatiani Novemba 1999. Kila mmoja alipewa vifungo viwili vya maisha. Baba yake Matthew alisimama mahakamani akasema angependa kumwona muuaji anakufa, lakini wanampa uhai kwa ajili ya mwanao. Oktoba 28, 2009 Rais Obama alisaini sheria ya shirikisho dhidi ya uhalifu wa chuki, yenye jina la Matthew Shepard pamoja na la James Byrd, mtu mweusi aliyeburutwa na gari mpaka kufa huko Texas mwaka uleule wa 1998. Ilichukua miaka 11.

Sasa nirudi kwenye lile neno. Kikundi chetu cha waandishi kilikubali nitafsiri baadhi ya sehemu tuzisome kwa sauti. Nikakwama asubuhi ya kwanza. Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya jambo hili, tatizo ni kwamba kila neno limeshachukua upande. Mwanamke wa Pwani anamwita rafiki yake wa kufa na kuzikana shoga. Anasema shoga angu, za tangu juzi. Neno hilohilo kijiweni, likirushwa kwa mwanamume, ni kofi. Lipo lingine zito zaidi ambalo mhariri wetu asingelipitisha. Lipo hanithi, linalopendwa kwenye mahubiri, wakati maana yake nyingine ni mwanamume asiyeweza tendo la ndoa, mambo mawili tofauti kabisa. Yapo maneno ya kisheria, kinyume cha maumbile, ambayo hayamtaji mtu bali shitaka. Halafu yapo maneno mapya ya semina, safi, ambayo mama yangu hayajui.

Uhalifu wa chuki nao ukanisumbua. Chuki kwetu ni ya watu wanaojuana: fulani ana chuki na mimi tangu ule mwaka wa kiwanja. Hii ya Laramie ni chuki unayoweza kuwa nayo kwa mtu usiyemjua hata jina la baba yake, kwa sababu tu ya fungu ulilomweka.

Mwisho sikuchagua neno moja. Nilimpa kila mtu lake. Mhubiri akapata la mimbarini, kijana wa baa akapata la kijiweni, daktari akapata la semina, na yule padri nikampa kusema "mtoto yule" tu. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya tamthilia ya aina hii. Huhitaji kumweleza msomaji kwamba huyu mwema na yule mbaya. Neno alilolichagua mtu limekwisha kumtambulisha.

Tulisoma Jumapili mchana, uani kwa dada mmoja wa kikundi, watu tisa, sufuria ya chai katikati. Sehemu tuligawana kwa kura. Aliyepata mhubiri wa Kibaptisti alisoma vizuri mno, na alipomaliza mmoja wetu akapiga makofi, "Hapo kasema!" Watu wakacheka. Mwenzetu mwingine, aliyekuwa na sehemu ya yule mwendesha baiskeli, akaweka karatasi zake chini ya jiwe zisipeperuke, akasema anakwenda dukani mara moja. Hakurudi. Dada mwenye uwanja akazichukua zile karatasi akamalizia sehemu yake. Tulizungumza baadaye kuhusu matamshi na urefu wa sentensi, kuhusu kiti kile hakuna aliyetamka neno. Tukikutana njiani tunasalimiana, tunaongea mpira. Mambo yake ni yake na sitayakisia hapa. Ninachosema ni kwamba maneno yalitoka Wyoming mpaka uani kwetu na yalifika bado yana moto.

Aliyepiga makofi alikuwa muungwana, alibaki mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Lakini kaka, matatizo ya kwetu yameisha mpaka ukatafute ya Wazungu?" Swali zuri. Nilimjibu kwa vitendo.

Mtaani kwetu kijana mmoja alipigwa akafa, alidaiwa kuwa mwizi wa simu. Nilichukua daftari nikaenda kuuliza, bila rekoda maana rekoda inatisha watu. Niliongea na watu 11. Hakuna hata mmoja aliyesema nilipiga. Wote walisema alipigwa. Wanafunzi wa sarufi, angalieni silabi ile ndogo ya kutendwa inavyofanya kazi: inatoa watu 40 barabarani, inamwacha marehemu peke yake na kipigo kisicho na mikono. Alipigwa, alimwagiwa, alichomwa. Halafu kuna eti, kuna nasikia, kuna si unajua watu. Katika kurasa nne nilihesabu eti 23. Eti alikuwa na mwenzake. Eti hata mama yake alishamkataa. Na lile la kufungia: alijitakia.

Alijitakia nililikuta Laramie pia, kwa sauti nyingine: wapo waliodokeza kwamba kijana yule ndiye aliyewachokoza kwa kuwatongoza, na upande wa utetezi ulijaribu kulitumia mahakamani mpaka jaji akalizuia. Sisemi mwizi wa simu na mwanafunzi yule ni kesi moja. Nasema mji ukishaua, au ukiuawiwa mtu ndani yake, unatafuta sentensi ya kulalia, na sentensi hizo ni ndugu.

Mama anayeuza chapati pale kona, nilipomwamkia na kumweleza shida yangu, alinyamaza kwanza, akageuza chapati, kisha akasema yote aliyoyaona. Nilipofunga daftari akaniita. "Mwanangu, utaandika kama nilivyosema? Usije ukaniongezea." Ni lile agizo la padri, na mama huyu hajawahi kuusikia mchezo ule.

Lakini tusidanganyane kwamba maneno halisi ni ukweli mtupu. Mahojiano zaidi ya 200 hayawezi kuingia katika usiku mmoja wa maonyesho. Mtu alikata. Aliamua nani afuate nani, nani afunge pazia. Hakuna mkasi usio na mkono, na mkono huu ulitoka New York. Nadhani ndiyo sababu wasanii walijiweka wenyewe jukwaani, ili mtazamaji aone mkono unaokata. Huo ni uungwana ambao sisi wa "hadithi tu" hatuna budi kuufikiria.

Mwaka 2008 walirudi. Matokeo yalisomwa Oktoba 12, 2009 katika kumbi zaidi ya 150 kwa siku moja. Walikuta ule uzio umeshang'olewa, na hadithi nayo imesogezwa. Sasa wakazi wengi walisema haikuwa chuki, ulikuwa wizi, zilikuwa dawa za kulevya. Mpelelezi wa kesi aliwajibu kwa ushahidi na kwa maneno ya wauaji wenyewe, lakini uvumi haukuomba ruhusa yake. Miaka kumi ilitosha. Laiti wale wasanii wasingeyanasa maneno ya mwezi wa kwanza, leo nani angejua kwamba mji uliwahi kujiuliza kwa uchungu hivyo?

Sura ya nane ya riwaya yangu nimeisimamisha kidogo. Sijaacha kubuni, na wala sikushauri uache. Nakushauri jambo dogo tu, ndugu yangu. Kikitokea kitu mtaani kwako, nenda siku ile, au kesho yake, kabla watu hawajakubaliana cha kusema. Uliza swali moja, kisha nyamaza. Ukirudi nyumbani usilale kwanza. Yaandike yalivyosemwa, pamoja na zile eti.